Mvua Ikikolea, Fungua

Jumapili, 2 Machi

Daftari hili nimepewa na mwanangu, kitinda mimba wangu. Amekuja kujifungulia kwangu kwa kuwa mumewe yuko mbali kikazi, na tangu aingie humu ndani sina raha. Mifuko ya plastiki yote ameifukuza jikoni, ameleta vikapu. Maji ya kuoshea vyombo yanamwagiwa miche. Maganda yanakwenda kwenye shimo la mboji alilolichimba mwenyewe uani, na tumbo lile! Nepi za mtoto anashona za kitambaa, kwa vipande vyeupe ninavyomletea kutoka kiwandani. Za kutupa hataki hata kuzisikia.

"Mama, dunia haiharibiwi na mashetani," anasema. "Tunaiharibu sisi, kwa tabia zetu za kila siku. Na itatengenezwa kwa hizo hizo tabia."

Kwa hiyo niandike humu kila siku tabia moja njema niliyoifanya. Nimemwambia kwa umri wangu tabia zimeshaota mizizi. Akanijibu, "Basi palilia."

Tabia njema ya leo: nimekubali daftari.

Jumatatu, 3 Machi

Kiwanda ni cha mdogo wangu, lakini rangi ni zangu. Nimezipika tangu enzi za marehemu baba: vitambaa vinakuja vyeupe, vinatoka sare za shule, mapazia, mashuka. Wafanyakazi wananiita Mama Mawingu, na jina hilo nimelipata kihalali.

Maji yaliyokwisha kazi tunayamwaga kwenye tangi la saruji nyuma ya ukuta. Chini ya tangi kuna kizibo cha chuma chenye mpini mrefu unaofika juu, na bomba linaloshuka hadi kijitoni. Siku ya jua hatukigusi, maana kijito kitapita chekundu au cha samawati mbele ya macho ya watu. Tunasubiri mvua kubwa. Maji ya kijito yakishakuwa ya tope hakuna rangi inayoonekana humo. Ndivyo baba alivyofanya, ndivyo tunavyofanya. Na mwenye kuitambua mvua itakayoshika na ile itakayokatika ni mimi peke yangu. Mdogo wangu akiona tone moja anakimbia kuanua, akimaliza kuanua jua linawaka.

Mimi naangalia milimani, nasikiliza upepo, kisha nasema: "Imekolea. Fungua."

Tabia njema: nilizima taa za stoo.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua ya kwanza ya masika. Tumefungua. Tabia njema: sokoni nimekwenda na kikapu.

Jumapili, 9 Machi

Wifi amekuja kumwona mjukuu wa tumboni, ndivyo anavyomwita mtoto ambaye hata hajazaliwa. Wifi ni dada wa marehemu mume wangu. Ana bustani ya mboga chini kule kijito kinapokata kona, yeye na wanawake wenzake, na mchicha wa nusu ya mtaa huu unatoka mikononi mwao. Amekuja na mafungu mawili makubwa, yamefungwa kwa vitambaa vyekundu. Vile vitambaa ni pindo za kiwandani nilizompa mwenyewe mwaka jana.

"Mwenye mimba anataka damu," akasema. "Kila nikivuna nitaleta fungu la mjukuu wangu."

Mwanangu akayapokea kama kapewa dhahabu. "Shangazi, hizi ndizo mboga ninazozihubiri! Hazijapanda lori, hazijavaa plastiki, na riziki inabaki kwa mtu wetu."

Wifi akacheka. Nikaona mikono yake. Ngozi imechanika katikati ya vidole, ina weupe kama ya mtu anayefua kwa sabuni kali. "Ni udongo wa mwaka huu," akasema alipoona namtazama. "Unawasha, sijui una nini. Na wajukuu nao matumbo kila siku."

Miaka yote nimejiambia kwamba mvua ni ufagio, inazoa kila kitu na kukipeleka mbali. Leo nimeangalia lile fungu mezani na nimejiuliza huko mbali ni wapi. Mbali ni pale kwenye kona.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeamka mapema kuliko mwanangu. Mafungu yote mawili nimeyafukia kwenye shimo la mboji, chini kabisa. Kisha nikakimbilia soko la juu kununua mboga nyingine. Muuzaji kanitilia kwenye mfuko wa plastiki, kikapu nilikisahau kwa haraka. Mfuko huo sasa uko chini ya godoro langu, mtu mzima na akili zangu.

"Mboga za shangazi tamu," mwanangu alisema mchana.

Tabia njema: sina.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Tumefungua.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Tumefungua. Wifi kaleta fungu, nimelifukia. Nimeokota makopo mawili njiani.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemkabili mdogo wangu. Nilimkuta ofisini anapiga hesabu za oda ya sare. Nikamwambia, "Lile shimo la kuchujia maji, uliloahidi baba akiwa hai, linachimbwa lini?"

"Mwaka kesho, Dada."

"Mwaka kesho una ndugu wengi. Huko chini watu wanamwagilia mboga."

Akaweka kalamu. Mdogo wangu si mtu mbaya, nimembeba mgongoni, namjua. "Nikichimba sasa lazima nisimamishe kazi msimu mzima. Hawa nje niwaambieje? Mrefu ana mama mgonjwa. Yule wa pasi ana watoto wanne." Akaifunga hesabu. "Na halafu Dada, tusidanganyane. Mimi sijawahi kusema fungua. Anayesema ni wewe."

Nilitoka. Nje Mrefu, yule anayekoroga mapipa, akanitania: "Mama Mawingu, leo mbona mvua iko usoni?" Wote wakacheka, nikacheka nao. Alasiri ikanyesha. Nikasema fungua.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Tumefungua. Fungu, shimo.

Jumatatu, 31 Machi

Mwanangu amenisifu mbele ya majirani kwamba nimebadilika, kwamba siku hizi hata maji ya kunawa siyamwagi ovyo. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumamosi, 5 Aprili

Yamenikuta.

Nilirudi kazini nikamkuta mwanangu ameketi kwenye kigoda uani, jembe limelala pembeni. Alikuwa anageuza mboji. Miguuni pake amepanga vitambaa vyekundu, kimoja kimoja, vimelowa na kunuka. Mboga zilishaoza, lakini vitambaa haviozi upesi.

"Mama, hizi ni mboga za shangazi."

Nikasema zilikuwa zimenyauka.

"Zote? Nilizipokea kwa mikono yangu, zilikuwa na umande." Sauti yake ilikuwa ya chini, na mwanangu akipunguza sauti ndipo anapokuwa na hasira. "Unakula mboga za nani, unanilisha mboga za nani, kisha unaniambia ni za shangazi?"

Nilikuwa na maneno mdomoni. Nayaandika hapa kwa kuwa sikuyasema: mwanangu, maji anayomwagilia shangazi yako natia sumu mimi. Lakini nilifikiri nikisema hivyo nimefunga kiwanda, nimemwangusha mdogo wangu, nimemnyima Mrefu dawa ya mamaye. Huo ndio uongo niliojipa. Ukweli ni kwamba niliogopa jinsi atakavyonitazama.

Akajijibu mwenyewe. "Ni yale ya matanga ya baba, siyo? Bado una kinyongo."

Kwenye matanga ya mume wangu, Wifi alinitolea maneno makali juu ya nyumba hii. Tulishasameheana zamani, tukala sahani moja. Lakini mwanangu alikuwa mdogo, aliyaona machozi tu, upatanisho hakuuona.

"Ndiyo," nikasema. "Bado."

Kuitwa mwenye kinyongo kulikuwa nafuu.

"Mtu maskini anakuletea jasho lake, unalizika kama mzoga," akasema. "Basi hizi tabia nzuri zote ni za nini, Mama, kama mtu mwenyewe humtaki?"

Akaingia ndani. Vitambaa nimevikusanya mimi.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Tumefungua. Mwanangu haongei nami ila kwa lazima.

Ijumaa, 11 Aprili

Siku hizi anatoka kila mchana. Anasema muuguzi amemwambia atembee. Nimefurahi, kutembea kunafungua nyonga. Wifi haleti tena mafungu, nami sikuuliza. Nimeshukuru kimoyomoyo, nikalala usingizi mzito wa kwanza tangu Machi.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua kubwa, na samawati chini kwa chini: sare za shule tano zimekwisha. Tumefungua.

Jumatatu, 21 Aprili

Kavu. Mwanangu ametapika asubuhi. Ananiambia ni mimba. Mimba ya miezi ya mwisho haitapishi hivyo.

Jumamosi, 26 Aprili

Nitajitahidi kuandika kwa utaratibu.

Alasiri mwanangu amerudi na beseni kichwani. Ndani yake nepi za mtoto, zile nyeupe alizoshona, zimekunjwa vizuri. Alikuwa mchangamfu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akasema amezifua ili mtoto azikute laini. Nikachukua moja kuipanga kabatini.

Haikuwa nyeupe.

Mtu mwingine asingeona. Angesema ni kivuli, au sabuni haikutoka. Lakini mimi nimepika rangi maisha yangu yote. Niliipeleka dirishani, nikaitambua kama mtu anavyotambua sauti ya mwanawe katikati ya soko. Ilikuwa samawati ya sare za shule.

"Umefulia wapi?"

"Kwa shangazi. Pale kwenye dimbwi lake."

"Lini?"

Akainua kidevu. "Huwa nakwenda kila siku, Mama, tangu zile mboga. Mtu hawezi kudharauliwa na familia nzima. Wewe ulizitupa, basi mimi nimekwenda kuzila kwake, mbele yake, ajue tuna adabu. Nakula naye mchana. Nakunywa chai yake."

"Chai ya maji gani?"

"Maji gani tena? Ya dimbwi. Anayachemsha."

Nikakaa chini sakafuni, nepi mkononi. Fungu moja kwa wiki nililikwepa, nikamsukuma mwenyewe kwenye sufuria nzima. Kama ningeziacha mboga mezani angekula kidogo. Kama ningesema asingekula kabisa. Nikachagua njia ya tatu, ya mjanja.

Nikamwambia yote: tangi, kizibo, bomba, na mtu anayeangalia mawingu. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa ameweka mikono yote miwili tumboni, kama mtu aliyeshika chungu chenye ufa.

"Twende kwa shangazi," akasema. "Utayasema haya haya, kwa mdomo wako."

Jumapili, 27 Aprili

Tulikwenda. Wifi alikuwa anapalilia. Nilisema. Nepi ilikuwa mkononi mwangu, nikamwonyesha, naye akaishika kwa vile vidole vyake vilivyochanika, akaigeuza upande huu na upande huu.

Nilidhani atapiga kelele. Aliikunja nepi polepole, pindo juu ya pindo.

"Zile mboga nilizoleta," akasema, "ulikuwa unazitupa?"

"Ndiyo, Wifi."

"Ili mwanao asile."

"Ndiyo."

"Vizuri. Mzazi humlinda mwanawe." Akanirudishia nepi. "Na sisi je? Nilikuonyesha mikono. Nilikwambia wajukuu wanaumwa matumbo. Ulinipa pole, Wifi. Ulinipa pole, ukanipa na mafuta ya kupaka."

Nilikuwa nimelisahau hilo la mafuta. Sikuliandika hata humu.

"Mwanao uliona ni mtu," akasema. "Sisi uliona ni mahali pa kumwagia."

Kisha akamshika mwanangu mkono, akamwingiza ndani. Mimi sikukaribishwa.

Jumatano, 30 Aprili

Mwanangu amehamia kwa Wifi. Maji wanabeba kutoka bomba la mtaa wa juu, mbali. Nimempelekea nguo zake. Kazini nimemwambia mdogo wangu sitaangalia tena mbingu. Akasema nimechoka, nipumzike siku mbili tatu.

Ijumaa, 2 Mei

Nilimsindikiza kliniki, nikitembea nyuma yao yeye na shangazi yake. Muuguzi kasema moyo wa mtoto unasikika, ila mtoto ni mdogo kuliko umri wa mimba. Nikauliza sababu. "Sababu ni nyingi, mama," akasema. Najua kwamba sitaijua kamwe, na kwamba nitaibeba hivyo hivyo.

Jumanne, 6 Mei

Wanawake wa bustani wameng'oa mboga zote. Vitanda vimebaki uchi. Wamekwenda kushtaki, na bwana wa ofisi ya mazingira amekuja leo, siku ya jua. Akasimama kando ya kijito, akachota kwa kiganja: maji meupe pe. Wifi akamwonyesha nepi. Akasema nguo inaweza kuchujuka popote. Nikasema mimi ndimi mpika rangi, najua. Mdogo wangu akamnong'oneza kitu, nikasikia neno "msiba", nikasikia "tangu afiwe". Bwana yule akanitazama kwa huruma, kisha wakaingia kunywa chai.

Ushahidi wetu unapita siku ambayo haiwezekani kuuona. Hiyo ni kazi ya mikono yangu, na niliifanya kwa ustadi.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua haijanyesha. Tangi linajaa. Oda ya mapazia mekundu.

Jumanne, 13 Mei

Mrefu kanifuata nje. Hakutania. "Mama Mawingu, tangi likifurika tunafunga kazi. Mama yangu anakula kwa mapipa haya."

"Na wale wa chini walikuwa wanakula kwa nini?"

Akaangalia miguu yake. "Mimi sikujua," akasema. Namwamini. Kujua ilikuwa kazi yangu.

Alhamisi, 15 Mei

Mawingu yanapita tu. Tangi limebakiza shubiri.

Jumamosi, 17 Mei

Asubuhi nilipitia kwa Wifi. Nilibisha, hakujibu, lakini nilisikia vikombe ndani. Nikasema na mlango: "Leo msiguse maji ya kijito. Na mkiweza, mkae karibu nacho." Nikaenda kazini.

Baada ya chakula cha mchana mbingu zikafunga. Ngurumo, upepo, matone makubwa kama vifungo vya koti. Tangi lilikuwa linalamba ukingo. Mdogo wangu akatoka mbio, shati limemganda mwilini.

"Dada! Hii imekolea?"

Nikaangalia milimani. Nyuma ya lile wingu jeusi kulikuwa na mstari mweupe, mwembamba. Upepo ulikuwa umegeuka. Njiwa walishaanza kurudi kwenye paa la stoo. Mvua ile ilikuwa kelele tupu, ilikuwa inapita njia.

"Una macho," nikamwambia.

"Dada, usinifanyie hivi. Itashika au haitashika?"

Miezi hii yote kimya changu kimewaumiza watu. Leo nimekitumia tena, mara ya mwisho. Nilimtazama mtoto niliyembeba mgongoni na sikusema kitu. Alisubiri. Kisha akapanda mwenyewe kwenye tangi, akashika mpini wa kizibo kwa mikono miwili, akavuta.

Maji yalikuwa bado yananguruma bombani mvua ilipokatika. Haikupungua, ilikatika kama uzi. Jua likatoka. Kule chini kijito kilikuwa hakijapata hata tope la kujifunikia, na wekundu wa mapazia ukaingia ndani yake, ukaenea ukingo hadi ukingo, ukaenda zake taratibu kuelekea kwenye kona.

Mdogo wangu alijaribu kukirudisha kizibo. Hakirudi kirahisi, kinataka ujuzi. "Dada, nisaidie!" Nikapanda, nikamsaidia, lakini lililotoka lilikuwa limeshatoka. Samaki wadogo, nzi wa majini, majani ya ukingoni, vyote vimepata ile rangi. Hilo nalo ni langu.

Walikuwa wamekaa karibu. Wanawake wote walisimama ukingoni, hakuna aliyepiga yowe. Mmoja alikimbia kuelekea ofisini kwa yule bwana wa mazingira. Waliobaki wakaanza kupanda njia ya kuja kiwandani, mwanangu mbele, anatembea taratibu, mkono chini ya tumbo. Wifi kamshika kiwiko.

"Funga geti," mdogo wangu akasema. "Dada, nakuomba, funga geti."

Nikafungua, pande zote mbili. Nikasimama pale pale katikati, ili wakifika waanze na mimi. Mwanangu alipita bila kunitazama. Wifi alisimama kidogo, akanitazama sana, kisha naye akapita.

Tabia njema ya leo: sijui kama inaitwa tabia. Nimeifanya mara moja tu, na nimechelewa.